UZI: Baiskeli asubuhi, makorongo ya mawe kabla ya jua kali. Safari ya siku moja kutoka Mwanza

Mwongoza_Njia (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu. Uzi huu ni kwa wanaoongoza vikundi na kwa wanaolipia kuongozwa. Safari ya kuchanganya baiskeli na kutembea kwenye makorongo ya mawe inaonekana nyepesi ikiandikwa kwenye karatasi: kilomita 20 za kwenda, saa mbili na nusu za mawe, kilomita 20 za kurudi. Mtu wa afya ya kawaida anaimudu. Kinachoivuruga ni ratiba. Watu wanachelewa kuondoka, wanaanza kupanda saa 6 mchana mwamba ukiwa umeshapata moto, wanarudi barabarani gizani. Matatizo mengine yote yanazaliwa hapo.

Nachukua mfano wa njia ya Bujora kwa sababu wengi wanaijua. Unatoka katikati ya jiji kwa barabara ya Musoma, unapita Mabatini, Buzuruga, Nyakato, Igoma, hadi Kisesa, halafu unaacha lami kuingia Bujora. Ni karibu kilomita 20. Ratiba inayofanya kazi ni hii: kukusanyika saa 12 kamili asubuhi, kukagua baiskeli, kuondoka mara tu kukipambazuka. Kwetu Mwanza jua linachomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kutegemea mwezi, kwa hiyo msipange kuondoka saa 11 mkidhani kuna mwanga. Kikundi chenye watu wa viwango tofauti kinakwenda kilomita 13 hadi 15 kwa saa ukijumlisha na kusimama. Mtafika saa 2 na nusu. Pumzikeni dakika 20, badilisheni viatu, na saa 3 muwe mmeanza kutembea.

Kutoka kwenye mawe mwisho saa 5 na nusu. Saa ya kugeuka ni saa 4 na robo, popote mlipo, hata kama kilele mnakiona. Mwongozaji aiseme saa hiyo mbele ya watu wote kabla ya kuanza kupanda, maana ukiitaja mkiwa juu utabishana na watu wenye hamu ya picha.

Chakula kizito kiwe baada ya mawe. Kisha mpumzike kivulini, mtembelee makumbusho ya Wasukuma palepale Bujora, na saa 10 jioni mshike njia ya kurudi. Mtafika mjini saa 12 kukiwa bado na mwanga.

Kwa nini baiskeli itangulie? Asubuhi barabara ya Musoma bado haijajaa malori na daladala, na mwamba wa granite usiku unapoa vizuri. Kuanzia saa 6 mchana ukiweka kiganja juu ya jabali lililo wazi hukiachi. Pia mikono: kupanda mawe kunachosha vidole, na kidole kilichochoka hakishiki breki sawasawa kwenye mteremko. Ndiyo maana nasisitiza mapumziko marefu mchana. Kama kuna wasioweza kurudi kwa baiskeli, andaeni kirikuu (kale kagari kadogo ka mizigo) ya kuwachukua.

Waongozaji wasipungue wawili hata kikundi kikiwa cha watu wanne. Mmoja mbele, mmoja mwisho kabisa, na wa mwisho hapiti mtu yeyote. Zaidi ya hapo hesabu mwongozaji mmoja kwa kila watu sita. Hesabuni watu kila mnapotoka kwenye lami, mnapoingia korongoni na mnapotoka.

Karibuni mwongeze. Fundi wa baiskeli aje, wa afya aje, na wenyeji wa vijijini pia.

---

fundi_buzuruga

Nimefika mkuu. Nianze na breki kwa sababu ndizo zinazoumiza watu.

Breki za waya zenye raba zinazobana rimu: angalia mifereji kwenye raba. Mifereji ikifutika, badilisha siku hiyohiyo. Raba ikae milimita 2 hadi 3 kutoka kwenye rimu na ikibana iguse rimu peke yake. Ikigusa tairi itaikata ubavu, na tairi iliyokatika ubavu haina dawa porini. Ukivuta mkono wa breki usifike kwenye usukani. Ukifika, waya umelegea au umeanza kukatika nyuzi. Chungulia pale waya unapoingia kwenye mkono wa breki, nyuzi hukatikia hapo kwanza.

Cheni: pima viungo 24 kutoka pini hadi pini kwa rula. Cheni mpya inatoa sentimita 30.5. Ikifika 30.7 imevutika, itaruka meno ukiwa umesimama kwenye pedali unapanda kilima, na goti litagonga usukani. Usiilowanishe oili. Tone moja kila kiungo, zungusha, kisha futa kwa tambara. Oili iliyobaki nje inakusanya mchanga na mchanga unakula meno.

Upepo: kwa tairi nene za 26 na mtu wa kilo 70, weka 45 hadi 50 psi kama sehemu kubwa ni lami. Mkiingia mchanga shusheni hadi 35 au 40. Chini ya 30 rimu itagonga jiwe na utapata pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiona matundu ya namna hiyo usitafute mwiba, ongeza upepo.

Kiti: kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kiti kikiwa chini sana magoti yanauma kabla ya Igoma, na mtu huyo hatapanda jiwe lolote siku hiyo.

Vifaa vya kikundi cha watu wanane: tyubu moja ya akiba kwa kila saizi ya gurudumu mliyonayo na moja ya ziada kwa saizi iliyo nyingi, viraka, msasa na solusheni mpya (ikishafunguliwa inakauka, ya mwezi uliopita usiitegemee), vyuma vya kubandulia tairi, pampu mbili, spana za L za 4, 5 na 6, spana ya 15, kifaa cha kukatia cheni, waya laini na kamba za plastiki za kukazia.

Na hili la pampu liangalieni usiku wa kabla. Kuna vali za aina tatu mjini: ya kama ya gari, ile nyembamba yenye kinati juu, na ya baiskeli za kizamani yenye kimpira ndani. Kikundi kinabeba pampu mbili na zote hazishiki vali ya mtu mmoja. Jaribuni pampu kwenye kila baiskeli.

Kuziba pancha: ng'oa mwiba, kisha pitisha tambara ndani ya tairi mzunguko mzima, maana mbigili hukaa miwili mitatu. Sugua kwa msasa, paka solusheni nyembamba, SUBIRI dakika tano mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza. Wanaobandika ikiwa mbichi ndio wanaoziba tundu hilohilo mara tatu.

---

Kaptula

Wakuu, mimi nina Phoenix tu. Naruhusiwa au mpaka za gia?

---

fundi_buzuruga

Kaptula, unaruhusiwa, ila jua unachobeba. Ni baiskeli ya karibu kilo 20, haina gia, kwa hiyo vilima vingine utaisukuma, na hilo halina aibu. Tatizo ni breki zake za vyuma kwenye rimu la chuma. Rimu likilowa raba hazishiki kabisa kwa mizunguko ya kwanza. Siku yenye dalili ya mvua iache nyumbani. Siku kavu, kwenye mteremko wa changarawe shuka uikokote. Angalia pia nati za ekseli ya nyuma, zikazwe kwa spana, kwa sababu mtu akikanyaga kwa nguvu kilimani gurudumu linavutika upande na kukwama kwenye fremu.

Na mkipakia baiskeli za gia kwenye kirikuu, upande wa gia usiwe chini na usibanwe. Kile kisikio kinachoshika mkono wa gia wa nyuma kinapinda kwa uzito mdogo sana. Hamtaona kitu mkiitazama. Kesho yake mtu akiweka gia nyepesi kabisa, mkono unaingia kwenye spoku na safari imeisha. Zipangeni moja ikitazama mbele na nyingine nyuma, katoni katikati, kamba ishike fremu, isipite kwenye spoku.

---

Ng'wana_Bujora

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Naongezea kuhusu ardhi na wenye ardhi.

Udongo wa huku haufanani hata ndani ya kilomita moja. Juu karibu na mawe ni luseni, mchanga mchanga uliotokana na mawe yenyewe kumeng'enyeka. Chini bondeni ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Kwenye luseni gurudumu la mbele linazama na kugeuka lenyewe. Punguza upepo, weka gia nyepesi kabla hujaingia, kaa nyuma ya kiti, zungusha miguu bila kusita na usiguse breki ya mbele. Ukisimama katikati kuanza tena ni kazi, bora ushuke usukume hadi pagumu.

Mbuga ikiwa kavu ni njia nzuri sana, imepasukapasuka tu, angalia gurudumu lisiingie kwenye ufa unaofuata njia. Ikilowa, usijaribu. Tope linashika kwenye tairi, linabeba majani, linajaa kwenye uma wa mbele hadi gurudumu haligeuki. Wanaolazimisha kwa kukanyaga wanakata cheni. Beba baiskeli begani, tembea pembeni kwenye nyasi, na tope litolewe kwa kijiti kabla halijakauka. Mvua ikinyesha usiku, zungukeni kwa lami hata kama ni mbali zaidi.

Kuhusu ruhusa. Kila kilima cha mawe kina wenyewe. Kuna mawe ya matambiko, kuna mapango yenye vyungu na vitu vya wazee, kuna mashamba ya mihogo yaliyofika hadi mlango wa korongo. Mwongozaji aende siku tatu nne kabla, aonane na mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, aseme idadi ya watu, saa ya kuingia na ya kutoka, na aulize wapi hapapandwi. Achukue kijana mmoja wa palepale wa kutembea nao, alipwe kama mwongozaji na si kama mbeba mizigo. Yeye ndiye anayejua korongo lipi lina nyuki mwaka huu. Mkikuta chungu, kitambaa au unga juu ya jiwe, msiguse wala kupiga picha.

Msifike mikono mitupu ya maneno pia. Kufika saa 2 asubuhi watu kumi wenye helmeti bila salamu kunawafanya wazee wafunge njia, na wana haki.

---

Nesi_wa_Ziwa

Habari zenu wapendwa. Niseme ya mwili, na ninaomba yasomwe taratibu.

Maji: lita 3 kwa kila mtu kwa siku nzima kama hii, za kuanza nazo, na mahali pa kujaza tena mchana. Kunywa kidogo kila dakika 15 au 20, karibu nusu lita kwa saa, na zaidi jua likipanda. Anayekunywa lita nzima kwa mkupuo akifika juu anatapika. Kingine kisichojulikana sana: mtu anayetoka jasho kwa muda wa saa tano akanywa maji matupu mengi mno anapunguza chumvi mwilini, anaumwa kichwa, anachanganyikiwa, na wenzake wanamwongezea maji wakidhani ana kiu. Kwa hiyo lita moja kati ya hizo tatu iwe na ORS, pakiti moja kwa lita moja. Ukikosa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikisawazishwa juu, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa. Chumvi ikizidi inadhuru, pimeni.

Chakula cha njiani: matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa), karanga, ndizi mbivu. Michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa vibichi) haifai kutafunwa mkavu mkiwa na haraka, inakausha mdomo. Asubuhi kula chai na viazi au chapati saa moja kabla ya kuondoka. Ugali na sato au sangara subiri mshuke.

Joto: mwenye ngozi inayowaka moto, anayeongea yasiyoeleweka au anayeyumba, hiyo ni dharura hata kama bado anatoka jasho. Kivulini, mvueni, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, na gari la kwenda hospitali liitwe wakati huohuo. Msimnyweshe kama hajitambui.

Sasa ziwa. Watu wakimaliza safari wanataka kuloweka miguu. Ziwa Victoria lina kichocho. Minyoo yake inatoka kwenye konokono wanaokaa kwenye maji matulivu yenye magugu karibu na ufukwe, na inapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Kujifuta kwa nguvu kwa taulo mara moja kunapunguza lakini si kinga. Oga kwa maji ya bomba au ya ndoo yaliyokaa. Aliyeshaingia apime baada ya wiki sita hadi nane, akipima kesho yake hataonekana na kitu. Dawa ni prazikwanteli, inapimwa kwa uzito wa mwili, na inatolewa hospitali. Na huko kwenye magugu mamba na viboko wapo.

Nyoka: kwenye mawe kuna kifutu, koboko na swila. Usitie mkono kwenye ufa usiouona ndani, usikanyage upande wa pili wa jiwe bila kutazama. Akiuma: mtulize, vua pete na saa, funga kiungo kisicheze kama unavyofunga mfupa uliovunjika, mbebeni asitembee. Hakuna kukata, kunyonya, wala kufunga kamba ya kuzuia damu. Swila akitema machoni, maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Mjini mna Sekou Toure na Bugando. Gari na dereva vijulikane tangu asubuhi, na namba ya dharura ni 112.

---

Kutoka_Sirari

Wakuu, wengi hupenda kufananisha safari za namna hii na Hell's Gate ya Naivasha, Kenya. Niweke sawa kwa wanaopanga kwenda.

Hiyo ndiyo hifadhi inayojulikana zaidi Afrika Mashariki kwa kuendesha baiskeli katikati ya wanyama na kisha kushuka korongoni kwa miguu. Ilianzishwa 1984, ina kilomita za mraba 68 hivi. Unaingia geti la Elsa, unapita nguzo ya mwamba ya Fischer's Tower yenye urefu wa mita 25, unaendesha kama kilomita 8 kati ya kuta nyekundu hadi mlango wa korongo la Ol Njorowa, unaacha baiskeli, unashuka na mwongozaji. Korongo lilichongwa na maji ya ziwa la kale lililokuwa kubwa kuliko Naivasha ya leo. Chini kuna mvuke na maji ya moto yanayotoka ukutani, mengine yanaunguza ngozi, msijaribu kwa kidole. Punda milia na twiga mtawapita karibu. Nyati mpeni nafasi kubwa na msimkatize njia. Na mpo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, wakati ziwa letu liko mita 1,134, kwa hiyo mwendo wenu wa Mwanza mtaupunguza. Kutoka Mwanza haiwi safari ya siku moja, mtalala Naivasha.

Somo kubwa la huko ni maji. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliua vijana saba wa kikundi cha kanisa ndani ya korongo. Septemba 2019 yakaua watu saba tena, akiwamo mwongozaji. Baada ya hapo makorongo yalifungwa, kwa hiyo kabla ya kuondoka ulizeni KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) sehemu ipi iko wazi. Mvua inayoua si lazima ikunyeshee wewe. Inanyesha juu, mbali, kwenye eneo pana, na maji yote yanatafuta mfereji mmoja ambao wewe uko ndani yake.

---

Mwongoza_Njia

Asante sana mkuu wa Sirari. Hili ndilo nilitaka lije. Makorongo yetu ni mafupi na hayana kuta za namna ile, lakini jabali halinywi maji. Mvua ya nusu saa juu ya kilima cha granite inashuka karibu yote, na korongo lililokuwa vumbi linapiga kelele. Dalili: maji yaliyokuwa safi yanageuka rangi, majani na vijiti vinaanza kuelea, upepo wa baridi unashuka ghafla na harufu ya udongo, muungurumo usiokatika. Ukiona moja tu, usikimbie kufuata korongo kwenda chini. Panda pembeni, upande wowote ulio karibu, kisha hesabu watu.

Kwa hiyo kila mnapoingia, mwongozaji wa mbele ataje sehemu za kutokea: "hapa kulia, pale kwenye mtini kushoto." Sehemu ambayo huwezi kutoka pembeni kwa hatua mia moja mfululizo isipitwe mawingu yakiwa yameanza kujenga.

Radi: ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi mlio. Gawanya kwa tatu, ni kilomita. Chini ya sekunde 30 shukeni kutoka juu ya mawe, na msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu mlio wa mwisho. Pango fupi chini ya jabali si kinga, umeme unapita juu ya mwamba na kuruka mdomoni mwa pango. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe jioni na asubuhi tena. Mvua za ziwani hujijenga usiku na kupiga alfajiri, za nchi kavu alasiri, kwa hiyo anga safi la saa 12 asubuhi halikuhakikishii saa 9.

Sasa mawe yenyewe. Granite kavu inashika kiatu cha raba vizuri kuliko watu wanavyoamini, hata kwenye mwinamo mkali. Kinachoangusha ni vitu vitatu. Cha kwanza, ile michirizi myeusi maji yanapopita. Ikiwa kavu haina neno, ikilowa ni sabuni. Cha pili ni changarawe nyembamba iliyomwagika juu ya jiwe laini: inaviringika chini ya soli kama punje za mtama sakafuni. Ifagie kwa mguu kabla ya kukanyaga. Cha tatu ni magamba. Mawe haya yanabanduka kwa tabaka kwa sababu ya joto la mchana na baridi ya usiku pamoja na maji yanayopenya, na gamba linaweza kuwa pana kama mlango huku limeshikilia kona moja tu. Ligonge kwa konzi. Likitoa sauti ya uwazi ndani, usilivute wala kusimama juu yake, na wa chini yako wahame.

Viatu vya kupandia viwe vya pili, soli laini. Viatu vya baiskeli vyenye kichuma chini viachwe na baiskeli. Helmeti msivue, ileile ya baiskeli itasaidia kijiwe kikidondoka na kichwa kikigonga dari ya mwamba, ingawa haikutengenezwa kwa mawe makubwa. Viungo vitatu vishike mwamba muda wote, kimoja ndicho kinachosogea. Kushuka kwenye mwinamo mkali, geuza uso uangalie mwamba na ushuke kinyumenyume. Wanaokaa na kuteleza kwa makalio wanapoteza uwezo wa kusimama. Pasipo kamba na mtu aliyefundishwa kuitumia, mahali pa kuruka zaidi ya urefu wa kiuno hapapitwi.

Baiskeli zibaki kwa mtu, kwa malipo, zikiwa zimefungwa pamoja kwa cheni na helmeti zote ziwe vichwani. Kivulini, maana tairi lililojazwa asubuhi 50 psi likikaa juani hadi mchana linapanda, na kiraka kipya kinaachia.

---

mamaSato

Naomba kuuliza, nyuki je? Mwanangu wa miaka 12 anataka kwenda.

---

Ng'wana_Bujora

Mama, nyuki ndio ninaowaheshimu kuliko nyoka. Wanakaa kwenye nyufa zilizo juu kidogo, mara nyingi upande wenye kivuli. Msipake manukato siku hiyo, msirushe mawe, msipige kelele za mwangwi, na droni zisirushwe karibu na kuta. Nyuki mmoja mmoja wanaokugonga usoni bila kuuma wanakuonya, rudini mlikotoka kimyakimya. Wakishambulia, funika uso kwa fulana na ukimbie moja kwa moja, mbali, mamia ya mita, usisimame kuwapunga na usijitupe majini. Miiba ikwanguliwe haraka kwa kucha au kadi. Mwenye kuvimba mdomo au kupumua kwa shida aende hospitali bila kusubiri.

Mtoto wa miaka 12 anaweza, kama anaendesha kilomita 20 bila kushushwa na ana baiskeli ya saizi yake. Kwenye barabara ya Musoma nisingemruhusu. Apelekwe na kirikuu hadi Kisesa, aanzie hapo.

---

Mwongoza_Njia

Naunga mkono. Barabara ya Musoma inahitaji mtu mzima mwenye macho. Mstari mmoja, nafasi ya baiskeli mbili kati yenu kwenye tambarare na mita 20 kwenye mteremko. Kingo za lami zina ngazi sehemu nyingi, ukishuka begani mwa barabara kwa bahati mbaya usijaribu kurudi kwa mshazari, gurudumu litateleza kwenye ukingo na utaangukia barabarani. Punguza mwendo, simama, panda upya. Vituo vya daladala hupitwa kwa mwendo wa kutembea kwa sababu mlango unafunguka ghafla na bodaboda wanakata mbele.

Kwa wanaoanza au wenye watoto, kuna siku nyepesi zaidi: Luchelele kupitia Nyegezi na Malimbe asubuhi, kurudi mjini, baiskeli zikabaki Capri Point, halafu boti ya dakika chache kwenda Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake. Mtatembea juu ya mawe yaleyale mkiwa na askari wa TANAPA, mtaona pimbi, swala, na yule mjusi wa mawe mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu. Hakuna korongo, lakini miguu inajifunza mwamba.

---

Kaptula

Nashukuru sana wakuu. La mwisho: nikilipia kuongozwa, niulize nini kabla ya kutoa hela?

---

Mwongoza_Njia

Uliza baiskeli imo kwenye bei au la, na unaijaribu lini. Uliza ni waongozaji wangapi kwa watu wangapi, na nani yuko mwisho. Saa ya kugeuka ni saa ngapi. Gari la dharura ni lipi, dereva yuko wapi wakati mko juu. Ruhusa ya kijiji imechukuliwa na kijana wa palepale analipwa kiasi gani. Mvua ikinyesha asubuhi, hela inarudi, inahamia siku nyingine, au inapotea. Anayejibu haya yote kwenye simu bila kusita, mlipe nusu, nusu nyingine siku ya safari. Anayekwambia "usijali, tutaona hukohuko", tafuta mwingine.

Na Kaptula, kabla ya Jumamosi mpitie fundi pale Buzuruga akuangalizie zile nati za ekseli.

---

fundi_buzuruga

Aje Alhamisi, Ijumaa foleni ni ndefu. Alete na pampu yake.